Kutu ya Soya, na Jinsi Mbegu ya Kuishinda Inavyotengenezwa

Mwezi uliopita mama mmoja kutoka skimu za upande wa Muhoroni alifika ofisini kwetu hapa Milimani, Kisumu, akiwa na majani ya soya aliyoyakunja ndani ya gazeti. Majani yalikuwa yamegeuka manjano, tena yalijaa madoa madogo madogo ya rangi ya udongo. Alipolikung'uta lile gazeti, vumbi la rangi ya kahawia lilibaki mezani juu ya karatasi zangu.

"Mwalimu," akaniambia, kwani wengine bado huniita hivyo, "nililima mapema, nikapanda kwa mstari, nikapalilia mara mbili. Mvua ilinyesha vizuri. Jirani yangu ng'ambo ya mtaro alipanda juma lile lile. Soya yake ni ya kijani hata leo, na yangu imepukutika majani kabla maganda hayajajaa. Kosa langu ni lipi?"

Nilimwuliza mbegu yake aliipata wapi. Akasema aliinunua sokoni kwa gorogoro. Jina lake je? Soya tu.

Basi jibu lilikuwa hapo. Mama huyu hakukosa katika kazi ya jembe. Jirani yake alinunua mbegu katika mfuko uliofungwa na kubandikwa jina, mbegu iliyotengenezwa makusudi ipambane na maradhi yale, na yeye alipanda mbegu isiyo na kinga. Mvua ilikuwa ile ile, udongo ule ule, na upepo uliopita juu ya mashamba yote mawili ulikuwa mmoja. Nimeona inafaa kueleza hapa jinsi mbegu ya namna hiyo inavyopatikana, kwa kuwa wakulima wengi wa skimu wameanza kupanda soya kati ya mistari ya miwa michanga, na wengi wao huuliza bei ya mbegu kabla ya kuuliza jina lake.

MARADHI YENYEWE

Ugonjwa huu huitwa kutu ya soya. Ni kuvu, na jina lake la kitaalamu ni Phakopsora pachyrhizi, jina ambalo si lazima mkulima alikariri. Ulijulikana kwanza Japani mwaka 1902, na kwa miaka mingi ulikaa huko Asia na Australia. Katika Afrika ya Mashariki ulithibitishwa mwaka 1996, katika Uganda, Kenya na Rwanda. Mwaka 1998 ulikuwa umefika Zambia na Zimbabwe, mwaka 2001 Afrika Kusini na pia Paraguay ng'ambo ya bahari, na Novemba 2004 ukaonekana Louisiana katika Marekani. Vumbi lile nililoliona mezani ndilo mbegu za kuvu yenyewe, nalo ni jepesi hivi kwamba upepo hulichukua mamia ya maili.

Vumbi hilo likianguka juu ya jani la soya lililolowa kwa muda wa saa sita hivi, na hali ya hewa si ya joto kali, kuvu huota na kuingia ndani ya jani. Huku kwetu umande wa alfajiri na mvua za jioni hutosha kabisa. Dalili huanza kwa majani ya chini, mara nyingi soya inapoanza kutoa maua, kisha hupanda juu. Ukigeuza jani utaona upande wa chini vipele vidogo kama vichuguu, kila kimoja kina tundu, na kutoka katika tundu vumbi hutoka. Kuna ugonjwa mwingine wa bakteria wenye vipele unaofanana nao kidogo, lakini huo huwa na duara la manjano kuzunguka kipele, wala hautoi vumbi. Futa jani kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikichafuka rangi ya kutu, umekwisha kujua.

Jani ndilo jiko la mmea. Majani yakianguka mapema, maganda hubaki matupu au yenye punje ndogo zilizokunjamana, na hasara huweza kufika hata sehemu nane katika kumi za mavuno.

Jambo moja nataka lieleweke vyema, maana nimekuta wakulima wanaoosha mbegu kwa maji ya majivu ili kuondoa kutu. Kutu ya soya haisafiri ndani ya punje. Huishi katika majani mabichi tu, ya soya na ya jamii yake, yakiwamo maharagwe, kunde na mbaazi. Mbegu safi iliyooshwa mara saba, kama haina kinga, itaugua upepo ukileta vumbi. Dawa za kupulizia zipo na zinafanya kazi zikipigwa mapema, karibu na wakati wa maua, lakini mwenye eka moja afanye hesabu ya dawa, bomba na vibarua kabla ya kuzitegemea. Kwa mkulima mdogo kinga ya kwanza ni ile iliyomo ndani ya mmea.

WALIVYOFANYA UGANDA

Majirani zetu wa Uganda waliumizwa sana na kutu, kwa sababu soya ilikuwa imekwisha kuwa zao la biashara kwao. Mbegu zilizopandwa sana huko mwaka 1996 zilikuwa Nam 1 na Nam 2. Zilikuwa mbegu nzuri, zilizochaguliwa kwa mavuno yao. Lakini zilichaguliwa kabla kutu haijaingia nchini, na hakuna mtu awezaye kuipima mbegu kwa adui asiyekuwapo. Kutu ilipofika, zikaanguka.

Kazi ya kutafuta mbegu nyingine ilifanywa na Chuo Kikuu cha Makerere, chini ya Profesa Phinehas Tukamuhabwa. Hawakuanza kwa kutengeneza mbegu yao wenyewe. Walikusanya mbegu za nchi nyingi, wakazipanda mahali penye kutu, wakatazama ipi itasimama. Moja iliyosimama ilitoka Ibadan, Nigeria, katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo iitwayo IITA. Huko iliitwa TGx 1835-10E. Mwaka 2004 wakulima wa Uganda walipewa mbegu hiyo kwa jina la Maksoy 1N. Baada ya hapo Makerere wakaanza kutoa watoto wao wenyewe. Maksoy 2N, iliyotolewa mwaka 2008, ni mtoto wa Maksoy 1N na mbegu ya Zimbabwe iitwayo Duiker. Maksoy 3N ilifuata mwaka 2010, nayo ikaenea sana. Maksoy 4N na 5N zilitolewa mwaka 2013, na 6N mwaka 2017.

Angalieni miaka hiyo. Kutu iliingia 1996 na Maksoy 1N ikatoka 2004. Ni miaka minane, na hiyo ilikuwa njia ya mkato, maana mama na baba wa mbegu ile walikuwa wamekwisha kupandanishwa kwingine. Mtu akiuliza kwa nini Serikali haileti mbegu mpya mara ugonjwa unapotokea, na ajibiwe kwa miaka hiyo.

UA NA KIBANO

Sasa nitaeleza kazi yenyewe, kwa kuwa ni kazi ya mikono na mkulima yeyote aweza kuifahamu.

Ua la soya ni dogo mno, urefu wake haufiki sentimita moja, nalo huwa jeupe au la zambarau. Ndani yake mna sehemu za kiume kumi na sehemu ya kike moja. Ajabu yake ni kwamba ua hilo hujizalisha lenyewe, mara nyingi kabla hata halijafunguka, na ni mara chache sana, chini ya moja katika mia, unga wa ua jingine huingia. Mahindi sivyo. Unga wa mahindi huruka na upepo, na ndiyo sababu mbegu ya mahindi ya haibridi, kama ile 611 iliyotolewa Kitale mwaka 1964, sharti inunuliwe upya kila mwaka, kwani watoto wake hawafanani naye. Soya huzaa soya ya namna yake. Hii ni bahati kwa mkulima, na nitairudia baadaye. Lakini kwa mtaalamu wa mbegu ni taabu, maana lazima avunje desturi ya ua.

Hufanya hivi. Huchagua mmea wa kuwa mama, tuseme ule wenye mavuno mengi, na mmea wa kuwa baba, tuseme wenye kinga ya kutu. Hutafuta chipukizi la ua la mama ambalo lingefunguka kesho yake. Kwa kibano chembamba, na wengine huvaa miwani ya kukuzia vitu, huondoa vifuniko vya ua, kisha huzing'oa zile sehemu kumi za kiume kabla hazijatoa unga. Huleta ua la baba lililokomaa na kulisugua taratibu juu ya sehemu ya kike iliyobaki. Hufunga kamba na kibandiko chenye tarehe na majina ya wazazi. Maua mengi yaliyoguswa hivyo hudondoka. Yanayoshika hutoa ganda lenye punje moja, mbili au tatu. Mtu aweza kuinama asubuhi nzima shambani na kupata punje za kujaza kisoda.

Wengine wameniuliza kama hii ndiyo mbegu ya GMO wanayoisikia redioni. Sivyo. Hapa ni unga wa ua la soya juu ya ua la soya.

Punje hizo zikipandwa, mimea ya mzao wa kwanza hufanana yote. Mtu asiyejua angefurahi na kusema kazi imekwisha. Kazi yaanza mzao wa pili, kwa maana hapo tabia za babu na bibi hutengana. Tuchukue kwamba kinga inatokana na chembe moja ya urithi yenye nguvu. Katika mimea 100 ya mzao wa pili, kama 75 hivi itaonyesha kinga na 25 itaugua. Lakini katika ile 75, ni kama 25 tu iliyo na kinga kamili itakayorithiwa na watoto wote. Ile 50 mingine ina nusu ya kinga na nusu ya udhaifu, na watoto wake watagawanyika tena. Kwa macho huwezi kuitofautisha. Njia ya kale, ambayo hata leo hutumiwa, ni kuvuna kila mmea peke yake, kupanda punje zake katika mstari wake msimu ufuatao, na kuutazama mstari mzima. Mstari wenye mgonjwa ndani yake hutupwa. Hivyo huendelea mzao hata mzao, tano au sita, mpaka mimea ya mstari mmoja ifanane kama ndugu mapacha. Huku kwetu karibu na mstari wa ikweta tunapata misimu miwili kwa mwaka, kwa hiyo kazi ya miaka sita huko Ulaya yaweza kufanywa hapa kwa miaka mitatu.

Kuna jambo hapa ambalo wakulima hucheka wanaposimuliwa. Mtaalamu wa kutu hupanda pembeni mwa majaribio yake mistari ya soya dhaifu kabisa, akitumaini itaugua vibaya. Asiye na ugonjwa shambani hawezi kujua nani ana kinga na nani amebahatika. Kutu ikishawaka katika mistari ile dhaifu na kuvuka, huenda kwenye mistari yake mipya na kusoma majani. Jani lenye madoa ya rangi ya udongo mwepesi, yanayotoa vumbi jingi, limeshindwa. Jani lenye madoa machache mekundu meusi, yasiyotoa vumbi au yanayotoa kidogo tu, limeua sehemu yake ndogo ili kuvu ifungiwe hapo na kufa njaa. Kwa hiyo mkulima aliyeona madoa mekundu machache katika soya yake asikimbilie kusema mbegu ameuziwa ya uongo. Pengine anaona vita ambavyo mmea unashinda.

KINGA BILA MAVUNO HAIFAI

Mara nyingi mmea wenye kinga nzuri kabisa si mmea ambao mkulima angeupenda. Waweza kuwa umetoka mbali huko Asia, una punje ndogo nyeusi, unalala chini mvua ikipiga, na maganda yake hupasuka yenyewe juani na kumwaga punje. Ukiupandanisha na mmea bora, tabia mbaya huja pamoja na kinga. Hivyo mtoto hurudishwa kwa mzazi bora, na mjukuu hurudishwa tena, mara nne au tano, na kila mara huchaguliwa wale tu waliobaki na kinga.

Mavuno yenyewe ni magumu zaidi kuchagua kuliko kinga. Kinga yaweza kuwa chembe moja, lakini mavuno hutokana na chembe nyingi sana, kila moja ikiongeza kidogo: wingi wa maganda, idadi ya punje katika ganda, uzito wa punje, kusimama wima, kukomaa kabla mvua haijakatika. Tena udongo na mvua huficha ukweli. Mstari ulioko bondeni huweza kuushinda mstari bora ulioko kwenye mwinuko kwa sababu ya maji tu. Dawa yake ni kupanda mbegu zile zile mahali pengi kwa misimu kadhaa na kupima kwa mizani. Hapa Kenya, baada ya mtafiti kumaliza yake, mbegu huingia katika majaribio ya kitaifa chini ya KEPHIS, shirika la Serikali linalosimamia mbegu, na hupandwa sehemu mbalimbali kando ya mbegu zilizozoeleka. Inayoshindwa hairuhusiwi kuuzwa.

Mavuno ya soya ya mkulima mdogo hapa magharibi mara nyingi hayafiki kilo 400 kwa eka, na mbegu bora iliyotunzwa yaweza kutoa maradufu. Kwa nchi inayonunua nje sehemu kubwa ya soya ya mafuta na ya chakula cha kuku, hiyo si tofauti ndogo.

Nigusie pia mizizi, ingawa hiyo yastahili makala yake. Soya hushirikiana na bakteria wanaokaa katika vifundo vya mizizi na kuupa mmea naitrojeni kutoka hewani. Soya za Marekani zilihitaji bakteria wao maalumu, ambao udongo wetu hauna. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Ibadan walipandanisha soya hizo na soya za Asia zisizochagua, zinazokubali bakteria wale wale wanaoishi na kunde zetu. Hizo ndizo mbegu zenye herufi TGx. Mojawapo, TGx 1740-2F, ndiyo hii ambayo wakulima wa magharibi ya Kenya wanaifahamu kwa jina la SB19. Wakati wa maua ng'oa mmea mmoja kwa jembe, si kwa kuvuta, na upasue kifundo kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu kama nyama, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, msimu ujao paka mbegu bakteria wa Biofix, wanaotengenezwa Nakuru, na upande siku ile ile kabla jua halijawaua. Lakini isidhaniwe kwamba kila mbegu isiyochagua bakteria ina kinga ya kutu. Hizo ni tabia mbili mbalimbali, na muuzaji aulizwe juu ya kila moja.

KUFULI HUPATA UFUNGUO

Hapa nawaomba wasomaji wavumilie kidogo, kwa sababu sehemu hii ndiyo inayosahauliwa.

Wataalamu wamezitaja chembe saba za kinga ya kutu ya soya, Rpp1 mpaka Rpp7. Kila moja ni kama kufuli mlangoni. Lakini kutu si ya namna moja. Ina makabila mengi, na katika vumbi la shamba moja mna mamilioni ya mbegu za kuvu. Ikitokea moja tu yenye ufunguo wa kufuli hilo, itaingia, itazaa, na baada ya misimu michache shamba zima litakuwa la watoto wake. Wakulima wa ngano waliona jambo hili. Kabila la kutu ya shina ya ngano liitwalo Ug99, lililopewa jina la Uganda na mwaka 1999, lilishinda kinga iliyokuwa ikitegemewa katika ngano ya nchi nyingi, na hata leo ngano kutoka pande nyingi za dunia huletwa kituo cha Njoro kupimwa kama itasimama.

Kwa hiyo watafiti wa soya hujaribu kutia kufuli mbili au tatu katika mlango mmoja. Wengine hutafuta kinga ya namna nyingine, isiyozuia kutu kabisa bali inayoichelewesha, ili majani yabaki mpaka maganda yajae. Kinga hiyo haipendezi macho, lakini kwa maoni yangu ndiyo inayomfaa zaidi mwenye shamba dogo, kwa kuwa haianguki yote siku moja.

Mkulima naye ana sehemu yake katika jambo hili. Kutu huhitaji majani mabichi ili iishi. Soya ikipandwa mfululizo, msimu wa masika na wa vuli, na ile iliyojiotea ikiachwa kati ya miwa, kutu haikosi chakula hata mwezi mmoja. Brazili, ambako mashamba ya soya huenda mpaka upeo wa macho, majimbo kadhaa yalianza mwaka 2006 kukataza kwa sheria soya yoyote isiwe shambani kwa miezi miwili au mitatu kila mwaka. Sisi hatuna sheria hiyo, ila majirani wa mtaa mmoja wa skimu waweza kupatana kung'oa soya ya kujiotea na kupanda karibu wakati mmoja, mwanzoni mwa mvua. Anayechelewa kwa mwezi mzima hupokea vumbi lote la waliotangulia.

KUWEKA MBEGU

Nilisema kwamba soya huzaa namna yake. Mkulima aliyenunua mbegu yenye jina na kinga aweza kuvuna mbegu yake mwenyewe msimu ujao na kinga ikabaki. Basi kwa nini mbegu ya sokoni huharibika? Kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kuchanganyika, na hutokea mikononi, wala si katika ua: gunia lisilokung'utwa, sakafu ya kupuria ya watu watatu, gorogoro la muuzaji aliyenunua kwa wakulima kumi. Tenga kipande cha mbegu katikati ya shamba. Wakati wa maua pita mara moja: kama mbegu yako ni ya maua ya zambarau, ng'oa kila mmea wenye maua meupe. Ikikauka, pita tena utazame manyoya ya maganda, ambayo huwa ya kijivu au ya kahawia.

Ya pili ni kwamba mbegu ya soya hufa upesi. Ina mafuta mengi na ngozi nyembamba, na katika joto na unyevu wa pande hizi za Ziwa huweza kupoteza nguvu ya kuota kwa miezi michache, hali kwa macho bado inang'aa. Vuna mara maganda karibu yote yakiwa ya kahawia, usingoje yapasuke. Pura polepole, kwa fimbo nyepesi ndani ya gunia, kwani punje iliyopigwa sana hupasuka ndani. Kausha kivulini penye upepo au kwa jua la asubuhi. Weka mahali pakavu penye baridi, si juu ya jiko kama mahindi. Isikae zaidi ya msimu mmoja, na baada ya misimu mitatu hivi nunua mbegu mpya yenye kibandiko.

Majuma mawili kabla ya kupanda, hesabu punje 100 bila kuchagua, zizungushe ndani ya gunia lililoloweshwa, na nyunyizia maji kila siku kwa siku saba. Zikiota 85 au zaidi, panda kilo 20 mpaka 25 kwa eka, mstari hadi mstari sentimita 45. Zikiota 60 au 70, ongeza mbegu kwa kadiri hiyo. Zikiota chini ya nusu, zipike.

Yule mama aliniachia kiganja cha mbegu iliyobaki katika gorogoro lake, nami niliijaribu hivyo hivyo nyuma ya ofisi. Haikufika nusu. Kabla ya kuziloweka nilizitazama vitovu, yaani lile kovu dogo mahali punje ilipoungana na ganda. Vingine vilikuwa vyeusi, vingine vya kahawia, na vingine havikuwa na rangi: namna tatu za soya, kwa uchache, katika gorogoro moja. Nilimpelekea habari kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema msimu ujao atapanda robo eka tu, mbegu ya mfuko, na ile ya sokoni iliyobaki ataikaanga pamoja na ya jirani.

Wenye maswali juu ya mbegu zinazoruhusiwa sehemu zao na wamwone afisa wa kilimo wa wadi yao, yule ambaye wazee bado humwita Bwana Shamba, na wachukue pamoja nao jani lenye dalili, likiwa limekunjwa ndani ya karatasi kavu. Lisifungwe katika mfuko wa plastiki, kwa sababu huoza njiani na dalili hazionekani tena.